Plazma, tanuri au asidi: kuchagua njia ya kubadilisha uso wa nanoalmasi ukiwa Mombasa

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanafunzi na mafundi wa maabara hapa Mombasa ni hili: nina unga wa nanoalmasi, yaani chembe ndogo mno za almasi, na nataka kubadilisha uso wake. Nitumie plazma, niuweke kwenye tanuri, au nirudi kwenye asidi? Kila njia ina watetezi wake. Mwenye mtambo wa plazma atakwambia ni safi na haiachi taka. Aliyefundishwa kwa asidi haoni sababu ya kuhama. Mwenye tanuri mara nyingi hata haulizwi, kwa kuwa tanuri lake linajulikana kwa kukaushia sampuli za udongo na kupimia saruji.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Njia ichaguliwe na kazi ambayo unga utakwenda kufanya, pamoja na kiasi cha unga ulio nao. Ukianza na mtambo uliopo kisha ukatafuta sababu ya kuutumia, utapata unga ambao hujui hasa una nini juu yake.

Kwanza tukumbushane kwa nini uso una uzito mkubwa hivi. Nanoalmasi zinazouzwa kwa wingi ni zile za mlipuko: vilipuzi vya TNT na RDX hulipuliwa ndani ya chumba kilichofungwa, oksijeni haitoshi kuunguza kaboni yote, na shinikizo pamoja na joto la kitambo kifupi huigeuza sehemu ya kaboni hiyo kuwa almasi. Watafiti wa Urusi ya Kisovieti walizipata mwaka 1963, na dunia kwa upana ikaanza kuzisikia mwaka 1988. Chembe moja ina kipenyo cha nanomita 4 hadi 5, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe ya nanomita 4.3 ina atomi za kaboni kama 7,200, na karibu 1,100 kati yake ziko juu kabisa, usoni. Gramu moja ya unga huu ina eneo la uso la mita za mraba kama 300. Kwa hiyo ukibadilisha uso umebadilisha tabia ya unga mzima: kama utaelea au utazama, utashikana na gundi au utajitenga nayo, utabaki majini au utakwenda chini usiku mmoja.

Aina ya pili ni nanoalmasi zilizosagwa kutoka almasi ya kutengenezwa kwa shinikizo kubwa na joto kali. Hizi huwa na kona kali, mara nyingi ni kubwa zaidi, na ndizo zinazopendwa na wanaotaka mwanga mwekundu wa vituo vya naitrojeni, yaani mahali ndani ya almasi ambapo atomi ya naitrojeni imekaa kando ya nafasi tupu. Nitazitaja zikihitajika.

Vigezo kwanza

Ninapomsaidia mtu kuchagua, nauliza mambo matano kabla sijasikia jina la mtambo wowote. Unataka kikundi gani cha atomi kibaki usoni, na kiwe safi kiasi gani? Una unga kiasi gani, na ni lazima kila chembe iguswe? Una vifaa gani, gesi gani, na stima yako ni ya kutegemewa kiasi gani? Je, unaweza kuishughulikia hatari na taka ya njia hiyo bila kumuumiza mtu? Na la mwisho, ambalo wengi huliacha hadi siku ya kuandika ripoti: utathibitishaje kwamba kilichotakiwa kutokea kimetokea?

Njia tatu kwa ufupi

Plazma ni gesi iliyopigwa umeme hadi elektroni zikang'oka kwenye baadhi ya atomi. Katika shinikizo dogo, elektroni hizo hubeba nishati ya elektronivolti chache, yaani sawa na joto la makumi ya maelfu ya nyuzi, ilhali gesi yenyewe inaweza kubaki karibu na joto la chumba. Uzuri wake wote umo humo: unapata kemia ya moto mkali bila kuuchoma unga. Mitambo midogo ya mezani aghalabu hutumia masafa ya redio ya megahezi 13.56. Ile ya maikrowevu hutumia gigahezi 2.45, na ikiwa na hidrojeni inaweza kupasha sampuli hadi mamia ya nyuzi. Ipo pia plazma isiyohitaji ombwe, inayowashwa katika shinikizo la kawaida kati ya elektrodi mbili zilizotenganishwa na kioo au kauri.

Tanuri ni joto na gesi tu. Ukitumia hewa ya kawaida, unga huoksidishwa kati ya nyuzi 400 na 430 za Selsiasi. Ukitumia hidrojeni, kazi hufanyika kuanzia nyuzi 500 hivi kwenda juu, ndani ya bomba la kwatzi lililozibwa pande zote.

Asidi ndiyo njia ya zamani zaidi kati ya hizi. Asidi ya salfuriki na ya nitriki, zote kali, huchanganywa kwa uwiano wa 3 kwa 1 au 9 kwa 1, unga hupikwa humo kwa nyuzi 75 hadi 90 kwa siku moja hadi tatu, kisha huoshwa.

Uso unaoupata

Asidi huacha uso wenye oksijeni, na hasa vikundi vya kaboksili (COOH). Majini unga huwa na chaji hasi. Kwa mkemia huu ni mlango uliofunguliwa: kaboksili inaunganishwa na amini, yaani kikundi chenye naitrojeni, na kupitia amini unaweza kufunga dawa, protini, rangi ya kung'aa, au mkia mrefu wa mafuta. Karibu kila kazi ya kibiolojia ya nanoalmasi unayoisoma imepita kwenye mlango huo. Ila usidhani ni kaboksili tupu. Humo mna ketoni, laktoni na haidroksili pia, na ukitaka kikundi cha aina moja utahitaji hatua ya ziada baada ya asidi.

Tanuri la hewa hutoa uso unaofanana na huo, nao ni wa oksijeni na chaji hasi, lakini linaongeza faida moja kubwa. Linachoma kaboni nyeusi, ile ya grafiti na isiyo na mpangilio, iliyobaki kutoka kwenye mlipuko. Unaliona jambo hili kwa macho. Unga ulioingia ukiwa na rangi ya masizi hutoka ukiwa kijivu cheupe, na ukiuweka kando ya ule wa mwanzo juu ya karatasi nyeupe, hakuna haja ya chombo chochote kuona tofauti. Metali hazichomeki, kwa hiyo kama unga una chuma utahitaji kuuosha kwa asidi ya hidrokloriki baadaye.

Tanuri la hidrojeni hufanya kinyume chake: huondoa oksijeni na kuacha hidrojeni imeshika kaboni moja kwa moja. Mwaka 2010 Oliver Williams na wenzake walionyesha kwamba unga wa mlipuko ukipashwa ndani ya hidrojeni kwa nyuzi 500, chembe hupata chaji chanya majini na mabonge yake hukubali kutengana hadi kufikia chembe mojamoja. Kwa yeyote aliyehangaika na mabonge ya nanoalmasi, hilo ni jambo la kushukuru.

Plazma ndiyo yenye uchaguzi mpana kuliko zote, kwa kuwa kubadilisha uso ni kubadilisha gesi. Hidrojeni hutoa uso wa hidrojeni. Oksijeni au hewa hutoa uso wa oksijeni. Gesi zenye florini, kama CF4 na SF6, hupachika florini, na amonia huleta vikundi vya naitrojeni. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokuruhusu kutoka uso mmoja hadi mwingine mchana mmoja kwa kubadilisha mtungi. Lakini ndani ya plazma mna ayoni, radikali huru, elektroni na mwanga wa urujuanimno kwa wakati mmoja, na kila kimoja kina lake. Plazma ya amonia, kwa mfano, haikupi amini safi. Inakupa mchanganyiko wa amini, imini na aina nyingine za naitrojeni, na oksijeni kidogo inayoingia ukifungua chumba. Kama kazi yako inadai idadi kamili ya amini kwa kila gramu, kemia ya majini itakupa hesabu ya uhakika zaidi.

Kuna dhana moja inayochanganya watu. Vitabu husema almasi yenye uso wa hidrojeni hukataa maji, nao wanaogopa kuitumia katika kazi za majini. Kwenye kipande kikubwa cha almasi hiyo ni kweli. Kwenye chembe za nanomita chache, unga wenye hidrojeni unaweza kutawanyika vizuri majini, ukiwa na chaji chanya inayozisukuma chembe mbali moja na nyingine. Jaribu kabla ya kuukataa.

Na kwa wanaofuata mwanga wa vituo vya naitrojeni: kituo chenye chaji hasi, ambacho alama yake iko kwenye nanomita 637, hupenda uso wenye oksijeni au florini. Uso wa hidrojeni hukigeuza kuwa kisicho na chaji, na matumizi yake ya kupima sumaku hupotea. Kwa kundi hili plazma ya hidrojeni haifai hata kama mtambo uko wazi na gesi ipo. Tanuri la hewa au asidi ndiyo kazi yao.

Kufikia kila chembe

Hapa ndipo plazma hupata mtihani wake mkubwa, na ndipo ninapoona watu wengi wakipotea. Matokeo mazuri mengi ya plazma juu ya almasi yamepatikana kwenye utando bapa, au kwenye chembe chache zilizotandazwa juu ya silikoni. Unga uliolundikana ni jambo jingine. Radikali na ayoni humalizikia kwenye chembe za kwanza zinazokutana nazo, na za chini hazipati kitu. Ni kama kuanika dagaa: usipowageuza, wa juu watakauka wakang'ara, wa chini watavunda, na ukichukua mmoja tu wa juu kuonja utaamini kapu zima liko sawa.

Kwa hiyo ukiamua plazma, nusu ya kazi yako ni ya kimakanika. Tandaza unga uwe mwembamba sana, simamisha, toa, changanya, rudisha, washa tena. Bora zaidi ni chupa ya kwatzi inayozunguka polepole ndani ya chumba, au gesi inayopuliziwa kutoka chini mpaka unga uchemke kama maji. Kwa miligramu kadhaa hili linawezekana bila shida. Kwa gramu kumi, bila chupa inayozunguka, sikushauri.

Jambo la karibu zaidi, ambalo maelekezo ya mtambo hayalitaji kwa sababu mtambo ulitengenezwa kusafishia vioo: fungua vali ya pampu taratibu sana. Unga wa nanoalmasi umebeba hewa na maji kati ya chembe zake. Ukifungua vali kwa pupa, hewa hiyo hutoka kwa kishindo, unga huruka kama moshi, na sekunde chache baadaye sahani yako ni tupu na kuta za chumba zimepakwa kijivu. Sehemu iliyobaki imekwenda kwenye mafuta ya pampu, na almasi ni kitu kigumu kuliko chuma chochote kilichomo humo. Weka kichujio kabla ya pampu, na ukaushe unga kwenye joto kabla ya kuuingiza.

Asidi haina tatizo hilo, maana kioevu hufika popote kinapoweza kupenya. Tatizo lake liko mwishoni. Unapoosha, asidi inapopungua na maji yakikaribia kuwa ya kawaida, chembe zenye kaboksili huanza kujitawanya vizuri na hukataa kukaa chini ya mirija ya mashine ya kuzungushia. Maji ya juu yana rangi hafifu ya chai iliyotiwa maziwa kidogo mno. Anayeyamwaga akidhani ni uchafu anaimwaga nanoalmasi yake nzuri kuliko yote. Yakusanye, ongeza mwendo wa mashine au tumia utando wa kuchujia.

Kwa tanuri, gesi hupenya unga vizuri kuliko plazma kwa sababu molekuli ya oksijeni haimalizikii kwenye mguso wa kwanza. Lakini usilundike. Kaboni inapoungua hutoa joto lake yenyewe, na katikati ya lundo joto huweza kupanda juu ya kile kipimajoto kinachosoma. Kibakuli kipana cha kauri na tabaka jembamba vinatosha.

Vifaa, gesi na stima

Tanuri la hewa ndilo rahisi kuliko yote. Ukienda kwenye taasisi ya hapa mjini yenye maabara ya uhandisi au ya kupima vifaa vya ujenzi, huenda ukakuta tanuri linalofika nyuzi 1,000. Halitaki gesi, halitaki ombwe. Linalotakiwa ni kuamini namba yake, na hapo usiamini kirahisi. Nafasi unayoichezea ni nyuzi kama 30 tu: chini ya 400 kaboni nyeusi inabaki, juu ya 430 almasi yenyewe huanza kuungua, hasa hizi ndogo za mlipuko. Tanuri la zamani linaweza kukosea zaidi ya hapo. Ingiza kipimajoto cha waya kinachojitegemea, pale pale kibakuli kitakapokaa, na upime kabla ya kutumia unga wa maana.

Plazma inadai zaidi: chumba, pampu, kitoa masafa, mitungi, virekebisha shinikizo, na mtu wa kuvitunza. Kwa pwani ongeza chumvi ya hewani. Viungio vya umeme na mapezi ya kupozea yanayokaa karibu na dirisha linaloelekea bahari hula kutu upesi, na chumba chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa hakihesabiki kuwa anasa. Kama utatumia oksijeni, pampu isiwe na mafuta ya kawaida ya madini, kwa kuwa oksijeni nyingi ikikutana nayo inaweza kulipuka. Zipo pampu kavu na mafuta maalumu yenye florini. Ulizia kabla ya kulipa.

Watu huniuliza kuhusu kugeuza jiko la maikrowevu la nyumbani kuwa mtambo wa plazma, kwa kuwa masafa ni yale yale ya gigahezi 2.45. Nakataza. Ukitoboa ukuta wake kupitisha bomba la gesi na ombwe, mawimbi yanaweza kuvuja, na chombo cha kioo kilicho na ombwe kikipata joto la upande mmoja kinaweza kupasuka usoni mwako.

Stima ikipotea, kila njia huumia kwa namna yake, na hili kwetu si la kupita haraka. Tanuri la hewa hupoa tu, na unaweza kurudia. Plazma huzimika papo hapo na unga hauharibiki, ila pampu ya mafuta iliyosimama bila vali ya kujifunga inaweza kurudisha mafuta kwenye chumba na kuuchafua uso uliokuwa unautengeneza. Tanuri la hidrojeni ni gumu zaidi: bomba bado lina joto kali na gesi inayoweza kuwaka, hivyo lazima uwe na argoni au naitrojeni inayojifungua yenyewe kuipulizia nje. Na asidi, ambayo inaonekana haihitaji umeme, ndiyo inayonitisha. Feni ya kabati la kufyonzea mvuke husimama huku bika bado likiwa na moto, na moshi wa kahawia huanza kujaa chumbani. Jenereta au betri iwashe feni hiyo kwanza, kabla ya taa na kabla ya kompyuta.

Na maji. Maji ya visima vya Mombasa, mengi yana chumvi, na hata yaliyochemshwa na kuchujwa bado yana ayoni. Chumvi hufunika chaji ya chembe, nazo hushikana na kuzama. Kuoshea na kupimia tumia maji yaliyotoneshwa au yaliyoondolewa ayoni, kwa njia zote tatu.

Hatari na taka

Asidi kali za moto hazihitaji maelezo marefu kwa aliyeziona. Mimina asidi kwenye maji, kamwe usifanye kinyume. Asetoni na alkoholi zikae mbali kabisa na asidi ya nitriki, kwa kuwa mchanganyiko wake unaweza kulipuka, na hii hutokea mtu anaposuuza chombo kwa haraka. Taka yake ni lita nyingi za maji ya asidi ambayo lazima yapoozwe, yasawazishwe na kukabidhiwa kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Usimwage kwenye mfereji unaoishia Tudor au Makupa, mahali ambapo watu wanavua.

Hidrojeni huwaka ikiwa hewani kati ya asilimia 4 na 75, upana wa kutisha, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Plazma ya hidrojeni hutumia kiasi kidogo katika shinikizo dogo, kwa hiyo hatari yake ni ndogo kuliko ya tanuri. Plazma ya florini inaweza kutoa hidrojeni floridi, gesi inayopenya ngozi hadi mfupani. Bila mtambo wa kunasa gesi hiyo, usiiwashe.

Vumbi lenyewe ni la njia zote. Vaa barakoa ya chembe ndogo, na pale inapowezekana ushughulikie unga ukiwa umelowa.

Kupima, na unyevu wa pwani

Kipimo kinachopatikana kirahisi ni mwanga wa infraredi. Oksijeni iliyoshikwa kwa mikono miwili na kaboni huonekana kati ya 1,700 na 1,800 kwa kila sentimita, hidrojeni iliyoshika kaboni kati ya 2,800 na 3,000. Mtego wa hapa kwetu ni maji. Uso wa nanoalmasi hunywa unyevu wa hewa, na Mombasa unyevu huo upo kaskazi na kusi. Maji hayo huonyesha kilele karibu na 1,630 na tumbo pana karibu na 3,400, na mtu asiye makini huyasoma kama mafanikio ya kutia oksijeni. Kausha sampuli kwa joto chini ya ombwe au gesi kavu, pima papo hapo, na daima pima unga ambao haukutibiwa kando yake ukiwa umekaushwa vilevile.

Kwa plazma ongeza sharti moja: chukua sampuli kutoka juu, katikati na chini ya kibakuli. Zikitofautiana, hukumaliza kazi.

Chaji ya zeta, yaani kipimo cha chaji ya umeme ya chembe zikiwa majini, husema mengi kwa haraka: hasi baada ya asidi au hewa, chanya baada ya hidrojeni, na ikipita milivolti 30 upande wowote mtawanyiko huwa na matumaini ya kudumu. Kipime tena baada ya wiki kadhaa, hasa unga wa hidrojeni ulioachwa majini, kwa kuwa uso wake unaweza kuoksidika polepole. Ukipata nafasi ya Raman, kipimo kinachosoma mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, mstari wa almasi huwa karibu na 1,332 kwa kila sentimita, na ukilinganisha na mkanda wa grafiti utajua kama njia yako imeilinda almasi au imeiharibu.

Nani achague nini

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye tanuri, gramu moja au mbili za unga na muhula mmoja: chukua tanuri la hewa. Litakupa unga safi zaidi na uso wa oksijeni, na muda utakaookoa utumie kupima.

Anayetaka kufunga dawa, protini au rangi juu ya chembe, na ana kabati la kufyonzea linalofanya kazi na msimamizi anayejua asidi: asidi inamfaa, au tanuri la hewa likifuatiwa na hatua fupi ya asidi. Kama huna kabati la kweli, usianze, hata kama asidi iko rafu ya chini.

Anayetaka unga ukae ndani ya mafuta ya kulainisha, wazo ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wenye karakana za injini za boti na meli: uso wa kaboksili peke yake utazama kwenye mafuta ya madini. Unahitaji mkia wa mafuta, kwa mfano amini yenye kaboni 18 iliyofungwa juu ya kaboksili, kwa hiyo njia huanzia kwenye oksijeni na kuendelea na kemia. Plazma ya florini inaweza kupunguza hatua, lakini kwa lita za mafuta ya karakana wingi wa unga utaishinda.

Anayeotesha utando wa almasi na anahitaji chembe chache za kupandikiza juu ya silikoni, au anayechunguza tabia ya elektroni za uso wa hidrojeni: hapa plazma iko nyumbani. Kiasi ni kidogo, uso unaotakiwa ni mmoja, na unaweza kuurudia na kuulinganisha. Vilevile kwa mtafiti anayetaka kulinganisha nyuso nne tofauti za unga mmoja, sioni njia nyingine iliyo nadhifu hivyo.

Mwenye gramu nyingi na hitaji la chaji chanya atazame tanuri la hidrojeni, kwa sharti kwamba mtu aliyewahi kuendesha gesi hiyo amesimama kando yake na mfumo wa kuipulizia nje umejaribiwa bila hidrojeni kwanza.

Na kama huna hata kimoja kati ya hivi, lakini kazi yako iko mbele zaidi, kwenye rangi ya kuzuia kutu au kwenye gundi, agiza unga ambao tayari umetiwa kaboksili au hidrojeni. Wauzaji wa nanoalmasi wanao. Waombe mchoro wa infraredi na thamani ya zeta ya shehena ile ile unayonunua, kisha upime zeta tena mara tu mzigo ukifika, kabla chupa haijafunguliwa mara ya pili kwenye hewa yetu hii.